Drili ya baba imenizidi umri, na bado inatoboa

Siku tano za wiki naandika habari za afya. Chanjo, kisukari, wajawazito, maji yasiyo salama. Kama wewe ni msomaji wa gazeti hili umeshakutana nami huko. Jumamosi ni siku nyingine. Saa nne asubuhi, chai ikishanyweka na vyombo vikishaoshwa, natandika gunia uani, natoa sanduku la bati chini ya meza ya jikoni, kisha nakwenda kumwita baba. Namwita kwa kumgusa bega. Sababu nitaieleza.

Ndani ya sanduku hilo kuna drili ya umeme ya Black & Decker. Mwili wake wote ni wa alumini, hakuna plastiki, na uzito wake ni kama paketi mbili za sukari. Ubavuni ina kibati chenye maandishi yaliyofutika nusu, yanayosema imetengenezwa Uingereza. Mshikio umelika mahali panapokaa kiganja, ukang'aa kama sarafu ya zamani. Baba aliinunua Gerezani mwaka 1987, ikiwa tayari imeshatumika, mwaka aliozaliwa kaka yangu. Mimi nilikuja miaka tisa baadaye. Mume wangu husema imebaki kuiamkia tu.

Kuna pia randa ya umeme ya Makita, rangi yake ya bluu imepauka, na msumeno mmoja ambao haujaunguruma tangu nikiwa darasa la tano lakini hatujaukatia tamaa. Wenzangu kazini wananicheka. Wananiambia siku hizi kuna drili za betri, nyepesi, hazina waya wa kujikwaa. Ni kweli, na fundi anayepanda ngazi kutwa nzima anaihitaji hiyo kuliko hii. Mimi sipandi ngazi. Mimi nina Jumamosi moja, uwanja mdogo nyuma ya nyumba Tabata, na baba.

Baba alikuwa seremala Keko kwa zaidi ya miaka thelathini. Anayepita Keko anaona vitanda, makochi na makabati yamepangwa nje, yananukia vanishi. Nyuma yake kuna mashine zinazolia kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Ada zangu zote zilitoka kwenye kelele ile, pamoja na godoro nililokwenda nalo chuo kikuu. Mwaka mmoja baada ya mama kufariki, baba alifunga kibanda chake akaja kuishi nasi. Alikuja na begi la nguo, redio, na hilo sanduku.

Kaka yangu alipokuja kumsalimia aliliona, akasema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sikumlaumu. Nyumba yetu ni ndogo, nina mtoto wa miaka sita, na waya za zile mashine zilikuwa zimefungwa tepu juu ya tepu. Alisema mbele ya baba, kwa adabu, na baba hakujibu kitu. Tulidhani amekubali. Nikasema tuliache kwanza, nitalitunza mimi, nikiwa na maana kwamba litakaa pale pale likikusanya vumbi mpaka siku ya kuhama.

Wakati huo nilikuwa nimenunua drili mpya ya bei nafuu ili nitundike mapazia. Ilitoboa matundu saba. Kwenye la nane ikatoa moshi. Niliipeleka kwa fundi wa mtaani, akaigeuza mara mbili, akanirudishia. "Dada, hii haifunguliwi. Imegundishwa. Nunua nyingine."

Nilirudi nayo nyumbani nimenuna. Baba alikuwa amekaa barazani. Aliiangalia ile plastiki mkononi mwangu, akainuka, akaingia jikoni, akatoka na sanduku. Akatoa ile drili ya alumini na bisibisi. Bisibisi akanipa mimi.

Skrubu nne tu. Nimesoma miaka kumi na sita tangu darasa la kwanza mpaka shahada, na sikumbuki somo lililonifurahisha kama kile kifuniko kilipoachia.

Ndani ya mashine ya zamani kila kitu kinaonekana na kazi yake. Katikati kuna amecha, ile sehemu inayozunguka, imevikwa nyaya nyembamba za shaba kama nywele zilizosukwa. Mkiani mwake kuna pete ya vipande vya shaba. Pembeni ya pete, kulia na kushoto, kuna vijiwe viwili vyeusi vya kaboni vinavyosukumwa na springi ndogo. Umeme unapitia kwenye vijiwe hivyo kuingia kwenye amecha inayozunguka. Mbele kuna gia, kubwa na ndogo, zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Basi. Fizikia yote ya mota ya umeme niliyoikariri sekondari bila kuielewa ilikuwa imelala juu ya gunia, inanuka grisi.

Kaboni za drili yetu zilikuwa zimekwisha, zimebaki urefu wa kucha ya kidole kidogo. Baba alinionyesha. Kaboni ni laini kuliko shaba kwa makusudi, ili iishe yenyewe na shaba ibaki. Inakufa badala ya amecha. Kaboni ni shilingi elfu chache. Kusuka upya amecha ni pesa nyingine kabisa, ukimpata bado fundi anayesuka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuzitafuta, za zamani nimezifunga kwenye karatasi ndani ya pochi. Kijana wa dukani alimwaga trei nzima juu ya kaunta. Za saizi yetu hazikuwepo. Alinipa kubwa kidogo, Sh4,000 kwa mbili, akasema, "Utazisugua." Nilidhani ananifukuza kwa upole. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: unalaza msasa laini juu ya kitu kilichonyooka, unaisugua kaboni upande mmoja, unageuza, unajaribisha, unasugua tena. Ikikaza kwenye nyumba yake itakwama na cheche zitakuwa kubwa. Ikilegea itacheza. Ya kwanza niliisugua kupita kiasi nikaiharibu, nikarudi dukani kama mtoto aliyepoteza chenji. Ya pili baba aliishika mkono wangu ikiwa kati ya vidole vyangu, tukasugua pamoja mpaka magharibi.

Grisi ya kwenye gia ilikuwa imeganda ikawa kahawia, ngumu kama sukari guru. Tuliitoa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Ukiweka mpya hujazi. Unapaka meno ya gia yakolee, unaacha nafasi. Kisha vinarudishwa vyote kwa mpangilio vilivyotoka, na hapa nina ushauri mmoja kwa mzazi mwenzangu anayetaka kujaribu: piga picha kwa simu kila hatua. Baba hakuhitaji picha. Mimi nilizihitaji zote ishirini na tatu.

Tulipoiwasha ilikohoa, ikatoa cheche kubwa, kisha kaboni zikakaa sawa na cheche zikawa ndogo za bluu, zinacheza kwenye matundu ya nyuma. Na ikatoka harufu. Vumbi la zamani lililopata moto, grisi, na ukali fulani wa umeme puani. Nilisimama pale nimeishika kwa mikono miwili. Ilikuwa harufu ya shati la baba akirudi jioni.

Tangu siku hiyo nimekuwa msomaji wa mambo haya. Kiwanda cha Wilhelm Emil Fein huko Stuttgart, Ujerumani, kilitengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Duncan Black na Alonzo Decker walianzisha karakana yao Baltimore, Marekani, mwaka 1910, na mwaka 1917 wakapata hataza ya drili yenye mshikio kama wa bastola na swichi ya kuvuta kwa kidole. Chukua drili yoyote leo, hata ile yangu iliyotoa moshi, utaishika hivyo hivyo. Makita walianza Nagoya, Japani, mwaka 1915, wakiuza na kutengeneza mota mbovu. Napenda kulijua hilo. Kampuni ambayo mashine zake ziko mikononi mwa mafundi dunia nzima ilianza kwa kufungua vitu vilivyokufa.

Lakini nilisema nitaeleza kuhusu bega.

Tulikuwa tunamtengenezea binti yangu meza ya kusomea. Mbao za mninga zilizobaki Keko, baba amezirandia mwenyewe, nyekundu kwa kahawia, zinateleza kama sabuni. Mimi nilikuwa nashika, yeye anatoboa. Aliniuliza biti namba ngapi. Nikasema, "Sita." Akatoboa. Skrubu ikaingia ikapita moja kwa moja, haikushika kitu. Alikuwa ametoboa kwa namba tisa.

Nilimpigia kelele baba yangu. Naandika hivyo bila kujitetea. Nilisema, "Baba, nimesema sita! Sita!" na binti yangu alikuwa mlangoni ananitazama. Baba aliangalia tundu, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, si ndiyo tisa hiyo?"

Tamka maneno hayo mawili taratibu. Sita. Tisa. Irabu zake ni zilezile, i na a. Kinachoyatofautisha ni s na t, zimebadilishana nafasi tu. Na sauti za s na t ni nyembamba, za juu, na ndizo zinazopotea mwanzo kwa mtu ambaye masikio yake yameliwa na kelele. Kilichokuwa kinamfikia baba ni i na a. Kilichobaki alikuwa akibahatisha, na pengine alikuwa anabahatisha kwa miaka.

Nilikuwa nimeshaandika makala mbili kuhusu usikivu. Mbili. Nimewahi kumhoji daktari wa masikio, pua na koo nikamuuliza dalili za mwanzo, akanitajia: anaongeza sauti ya redio, anajibu lisiloulizwa, anajitenga kwenye maongezi ya watu wengi, anasema watu siku hizi wanamung'unya. Nikaziandika, zikachapwa, nikarudi nyumbani nikamkuta baba redio iko juu, nikamwambia apunguze. Na ile siku kaka alipozungumzia chuma chakavu, baba hakukubali wala hakukataa. Hakusikia.

Tulimpeleka hospitali. Walimwingiza kwenye kijichumba cha kimya, wakamvisha vifaa masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Kuna muda mrefu nilimwona amekaa tu, kitufe mkononi, ametulia kama mtu anayesubiri basi, na mtaalamu anaendelea kuzungusha vitu vyake. Mchoro ulipotoka, mstari ulikwenda vizuri kwenye sauti nzito, kisha ukaporomoka ulipokaribia hezi 4,000. Mtaalamu aliuliza swali moja. "Mzee alikuwa anafanya kazi gani?"

Sikio la ndani lina sehemu iliyojikunja kama konokono, na ndani yake kuna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa taarifa ya ubongo. Kelele kali huzichosha. Ikiendelea, huziua. Ngozi hujirudishia, mfupa huunga, lakini chembe hizo kwa binadamu hazioti tena. Wataalamu wa usalama kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika kumi na tano. Nilipima mashine zetu kwa programu ya simu. Simu si kipimo cha kuapia, lakini drili ilisoma 94 karibu na sikio, na randa ikagonga 100. Dakika kumi na tano kwa siku. Baba aliishikilia randa ile saa nzima nzima, siku sita za wiki, kwa miaka zaidi ya thelathini, bila hata pamba.

Kwa hiyo mngurumo ninaoupenda, ule unaonikumbusha shati lake, ndio uliomla. Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa bila kufungua sanduku. Kaka aliposikia alisema waziwazi: ona sasa, na wewe unataka kumfundisha mtoto. Sikuwa na jibu. Usiku nilifikiria kuziuza kweli. Nilifikiria pia kwamba masikio yale ndiyo yaliyolipa ada, na kwamba baba hakuulizwa kama anaafiki mabadilishano hayo, wala mimi.

Aliyefungua sanduku tena ni baba. Nilitoka kazini nikamkuta uani, drili iko wazi juu ya gunia, binti yangu kachuchumaa pembeni anampa skrubu moja moja kutoka kwenye kifuniko cha chupa. Alinionyesha beringi ya nyuma. "Hii imechoka." Nikamuuliza, kwa ishara na kwa kumtazama usoni asome midomo, amejuaje, maana mtu hutambua beringi mbovu kwa kuisikia inasaga. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya mwili wa mashine, akazungusha amecha kwa kidole. Mwanzo sikuhisi kitu. Akanipeleka tena, taratibu, mpaka nikaupata: mkwaruzo mdogo mno, kama chembe ya mchanga kwenye wali.

Hatukuziuza. Tulibadilisha namna.

La kwanza lilikuwa waya. Mashine ya zamani yenye mwili wa chuma haina ile alama ya mraba ndani ya mraba unayoiona kwenye nyingi za sasa, inayoonyesha kwamba kinga ya umeme ni ya tabaka mbili. Uhai wako unategemea waya wa tatu, ule mafundi wanauita ethi. Waya wa moto ukigusa mwili wa mashine, ethi ndiyo inayoupeleka umeme ardhini badala ya kupitia kwako. Tulipofungua plagi yetu tukakuta waya wa kijani umekatwa na kukunjwa nyuma, umevikwa tepu. Nilikuwa nimeitumia miezi miwili, uani, miguu peku. Fundi umeme aliweka waya mpya wa nyaya tatu, akapima na ethi ya nyumba, akatufungia swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ilikuwa ghali kuliko drili. Kama una mashine ya aina hii nyumbani, anza hapo kabla hata ya kuiwasha. Na kama umeletewa ya mtumba kutoka Japani, soma kibati chake: kule umeme wa majumbani ni volti 100, huku kwetu ni 230, na utaichoma mara moja.

La pili, masikio. Sote watatu tuna vizibo vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Binti yangu alichagua vya njano. Mashine ikiwaka yeye anakaa ndani mlangoni, anasogea ikizimwa. Baba alipopewa vyake alicheka sana, akasema, "Mlinzi ameajiriwa nyumba ikishaibiwa." Lakini anavaa, kwa sababu kilichobaki nacho kinaweza kupotea.

La tatu, vumbi. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua, na vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu. Tunavaa barakoa, tunarandia upepo ukielekea ukutani, tunamwagia maji kabla ya kufagia. Hapa mume wangu ana neno, kwa sababu bado analikuta kwenye sufuria. Majirani nao tumewaahidi: saa nne hadi saa sita, Jumamosi tu, na siku ya msiba mtaani hatuwashi.

Ukitoa yote hayo, muda halisi wa mashine kuunguruma ni mdogo, pengine dakika ishirini kwa Jumamosi nzima. Mwanzo nilidhani furaha itapungua kwa kiasi hicho. Haikupungua, kwa sababu sehemu kubwa ya raha ya vitu hivi iko vikiwa vimezimwa. Kunoa kisu cha randa. Kupanga biti kwenye kibao alichokitoboa baba matundu yanayolingana na kila moja, ya tatu mpaka ya kumi na tatu. Kupaka mafuta, kufuta, kusikiliza skrubu ikishika uzi wake. Halafu zile dakika chache: randa inapita juu ya mninga, maranda yanaruka yamejikunja, na ubao uliokuwa mchafu kama kitu cha kuokota unafunguka rangi mbele ya macho yako. Binti yangu huokota maranda marefu akajifanyia nywele.

Meza yake ilikamilika. Lile tundu la namba tisa bado lipo, chini ya ubao, tumelijaza kijiti na gundi. Anajua liko wapi na huwaonyesha wageni.

Mwezi wa tatu mwaka huu baba alipata vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo wataalamu huviita shimesikio. Kaka ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha. Siku za kwanza vilimchosha. Alilalamika kwamba mfuko wa plastiki unapiga kelele na kwamba mimi natembea kwa kishindo. Jumamosi ya kwanza aliniomba niwashe drili akiwa amevivaa. Nikakataa, tuliambiwa avivue penye kelele. Akaomba tena, kama mtoto. Nikampeleka mpaka getini, mbali kabisa, nikarudi, nikavuta swichi kwa sekunde tatu hivi, nikaachia.

Alikuja haraka, amekunja uso. "Ile sauti nyembamba ndani yake ni ya nini? Inapiga filimbi."

Nikaiwasha tena kidogo nisikilize. Ni gia. Zimekuwa zikilia vile tangu nikiwa mdogo.

"Iko hivyo siku zote, baba."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Aliitazama drili muda mrefu. Kisha akavitoa vile vifaa kimoja kimoja, akaviweka ndani ya kisanduku chake, akavaa vizibo, akanyoosha mkono kwenye kibao cha biti na kuniuliza namba ngapi. Nikamwonyesha vidole sita.